Anayesubiri Langoni pa Tanners Ley

Amwick ni kijiji ambacho ukipiga chafya jikoni kwako, kanisani wameshakuombea afya. Ndiyo maana habari za vijumba vya wazee zilipoingia, hazikuchukua hata siku mbili kukipasua kijiji katikati. Kampuni moja ya ujenzi ilitaka kuweka nyumba kumi na mbili za wastaafu, nyumba za chini zisizo na ngazi hata moja, juu ya konde la Tanners Ley. Na Tanners Ley limo ndani ya ukanda wa kijani, ardhi iliyokatazwa kujengwa tangu enzi za baba zao, ili mji usije ukakimeza kijiji.

Mabango yakabandikwa madirishani. Mekundu yalisema HAPANA, ya bluu yakasema NDIYO, na watu wakaitwa kwa rangi zao, wekundu na bluu. Mwenye duka la nyama na mkewe walibandika yote mawili, moja juu na jingine chini, wakawa wanapishana kwenye korido kama watu waliopangishwa nyumba moja. Kasisi alisema ataombea pande zote mbili, pande zote mbili zikamnunia.

Nyumba moja tu haikuwa na bango, ya Noreen Pockett. Noreen alikuwa na miaka sabini na minne, karani wa baraza la kijiji kwa mwaka wa ishirini na mbili, na karani hana upande. Mlango wake ulikuwa haufungwi na birika lake halipoi. Hakuna posa, talaka wala ugomvi wa mpaka wa bustani ambao habari yake haikupitia mezani pake kwanza, ikatoka hapo imenyooshwa na kutiwa sukari. Lakini jambo lake mwenyewe alilikalia kama kuku alaliavyo mayai. Alikuwa ameandikisha majina mawili kwenye orodha ya wanaotaka vile vijumba, lake na la mumewe Len. Walikuwa wa nne.

Len alipigwa na kiharusi majira ya kuchipua. Upande wa kushoto ukabaki mzito, na nyumba yao, ya zamani, ilikuwa na ngazi kumi na tatu nyembamba zilizopinda katikati kama kiwiko. Choo na bafu viko juu. Kila jioni Noreen alimsukuma mumewe kutoka nyuma, bega lake kwenye makalio yake, wote wawili wakihema na kucheka, mpaka siku waliyoanguka mara ya pili na hakuna aliyecheka. Daktari akasema kufika Krismasi apatikane pa kuishi pasipo ngazi, la sivyo Len aende nyumba ya kutunzia wazee mjini. Aende peke yake. Mke mwenye miguu mizima hawamchukui. Na Amwick nzima, nyumba isiyo na ngazi ya kuwatosha haikuwepo.

"Nipeleke tu, mama," Len alikuwa akisema, mdomo wake umeenda upande. "Nasikia kule wana pudingi kila siku."

"Pudingi ya kopo."

"Hata hivyo inaishinda yako."

Basi akicheka, Noreen aliingia jikoni kufuta macho. Miaka hamsini na mmoja walikuwa hawajalala mbali mbali, isipokuwa siku alizojifungua.

Jumatatu moja ya Novemba, Rosalind Hesketh aliingia na mfuko wa sokoni umejaa karatasi. Rosalind alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na jemadari wa wekundu. Alikuwa bado anaongea na watu wazima kana kwamba wamesahau madaftari nyumbani.

"Fomu arobaini na tatu, Noreen," alisema, akaziangusha mezani katikati ya keki ya limau. "Wakili wa kampuni anadai konde halitumiwi na kiumbe ila sungura. Sasa asome! Kila mtu ameandika kwa mkono wake anafanya nini pale, tangu lini, na amewaona nani wengine."

"Umezisoma mwenyewe?"

"Mimi? Ni ushahidi wa watu, shoga yangu, si insha za darasa la nne. Nilichowaambia ni kimoja tu. Andikeni kweli tupu. Wakikamata uongo mmoja, watazitupa zote, na mwenyekiti amesema zikitupwa, baraza litaunga mkono ujenzi." Alikata kipande cha keki, akamtazama Len aliyekuwa anasinzia kwenye kiti karibu na moto. Sauti yake ikashuka. "Najua kwako si rahisi, Noreen. Najua. Ila ardhi ikishajengwa, haijenguki."

Alipoondoka, Noreen alimimina chai akaanza kusoma. Kazi ya karani ni kuhesabu saini, si kusoma, lakini mwambie nani? Alicheka peke yake. Alijua sasa ni nani anayekwenda kuvuta sigara kichakani huku mkewe akidhani ameacha. Alijua nani na nani walibusiana penye mti wa mwaloni mwaka ule wa ukame. Swali la saba liliuliza: *Umewaona watu gani wengine wakilitumia konde, na lini?* Kwenye fomu ya nne, bwana mmoja alikuwa ameandika: *Avis Thurgood na mbwa wake, langoni, karibu kila asubuhi, saa moja na nusu.*

Noreen alitabasamu kwa huzuni. Maskini, amekumbuka ya zamani. Akaendelea.

Fomu ya tisa: *Bi Thurgood, langoni, amesimama.* Ya kumi na mbili: *Avis na yule mbwa wa rangi ya chai, mara ya mwisho wiki iliyopita.*

Aliweka kikombe chini. Akarudia mstari ule. Wiki iliyopita. Akazichukua zilizobaki akazipekua kama mtu anayetafuta noti kwenye mifuko ya koti. Alipomaliza, zilikuwa kumi na moja. Watu kumi na mmoja wa kijiji kile, kila mmoja kwa mwandiko wake, walikuwa wamemwona Avis Thurgood langoni mwa Tanners Ley. Mwaka huu. Mwezi huu. Na Avis alifariki Februari, miaka sita iliyopita, kwenye konde lilelile, na mbwa wake akamfuata kabla ya kiangazi.

Mojawapo ya fomu ilikuwa ya Colin Drage.

Colin alikuwa ndiye mchimba makaburi wa kanisa, mtu mkubwa mpole aliyenuka udongo na peremende. Noreen alimpigia simu. Dakika kumi hazikupita, akawa amesimama jikoni, kofia mkononi, mabuti ya mpira ameyaacha nje.

"Kaa, Colin. Hii ni nini?"

Colin aliisoma fomu yake taratibu kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Imekosewa tahajia?"

"Colin. Wewe ndiye uliyemchimbia kaburi."

"Ndiyo. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Nilivunja mpini."

"Na bado umeandika unamwona?"

"Bibi Hesketh alisema tuandike kweli." Masikio yake yalikuwa mekundu. "Mimi sikumtafuta, Noreen. Napita pale asubuhi kwenda kanisani. Amesimama, mbwa chini ya miguu yake. Ananisalimia. Sasa ningefanyaje? Nipite bila kuitika, kama mtu asiye na malezi?"

"Miaka sita?"

"Mara ya kwanza nilishtuka. Nikasema nitamwambia mtu. Halafu nikaona mwenye duka la nyama amemvulia kofia. Nikajua, basi, na yeye. Sasa utaanzaje kuuliza jambo kama hilo? Utaonekana unachimba ya watu."

Noreen hakuamini masikio yake. Kijiji ambacho kilijua idadi ya chupa kwenye pipa la taka la kasisi kilikuwa kimepita mbele ya marehemu kila asubuhi kwa miaka sita, kikavua kofia, na hakuna aliyefungua mdomo. Kwa nini? Kwa sababu ingekuwa ni kukosa adabu.

"Anasema nini?" aliuliza.

Colin alizungusha kofia. "Anasema kuna baridi. Au ukungu. Kama siku zote."

"Halafu?"

"Noreen, acha tu."

"Colin Drage, nimekupaka dawa magotini ukiwa huna hata meno ya mbele. Halafu?"

"Halafu anauliza, 'Noreen anakuja?'"

Birika lilikuwa limeanza kuimba. Hakuna aliyeinuka.

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namwambia uko njiani. Namwambia labda unatafuta viatu." Alimtazama kwa macho ya ng'ombe mwema. "Wote tunamwambia hivyo. Mwenye duka la nyama huwa anamwambia una mafua. Hatukutaka ajisikie vibaya, wala wewe pia."

Alipokwisha ondoka, Noreen alibaki amekaa, mikono mapajani. Sasa ilimlazimu kulikumbuka alilolikimbia miaka sita, ambalo hakuwahi kumsimulia mtu, yeye aliyesimulia kila kitu.

Yeye na Avis walitembea pamoja kila asubuhi miaka kumi na saba. Avis alikuwa anamngoja langoni, ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya Noreen. Asubuhi ile ya Februari barafu ilikuwa imeng'ang'ania vioo, na Noreen hakuwa mgonjwa, hakuwa na kazi, hawakuwa wamegombana. Alikuwa amechoka tu kusikia habari za nyonga ya mbwa. Mtu mwingine angefungua dirisha aseme, "Leo siji, mwenzangu, nenda." Noreen aliona kusema hivyo ni ukali mno. Basi akasimama nyuma ya pazia, akabana pumzi kama mdaiwa, akamwangalia rafiki yake akikanyagakanyaga kwa baridi, akitazama nyumba, akitazama saa. Dakika ishirini. Hatimaye Avis akaingia kondeni peke yake. Aliteleza penye mtaro. Mbwa ndiye aliyerudi barabarani kubweka, saa nne, na kwa muda huo barafu ilikuwa imefanya kazi yake.

Tangu siku ile Noreen hakukanyaga Tanners Ley. Dukani alikwenda kwa njia ya mzunguko, na lile pazia la mbele halikufunguliwa tena. Watu walidhani ni uchungu.

Usiku kucha alipima. Angeweza kuwapigia watu kumi na mmoja, waandike upya, wamwache Avis nje. Fomu zingekuwa safi, konde lingebaki konde, na Krismasi Len angekwenda mjini na sanduku lake. Au azipeleke kama zilivyo. Wakili angemwona marehemu kati ya mashahidi, zote zingetupwa, tingatinga zingeingia langoni, na Len angelala kitandani kwake, ubavuni mwa mkewe.

Asubuhi Colin alimwita kwenye ua. "Tumeongea," alisema kwa sauti ya chini. "Ukitaka tubadilishe, sema tu. Hakuna atakayeuliza."

"Karani haongezi neno wala hapunguzi," Noreen alijibu, akaziweka fomu kwenye bahasha akalamba gundi. Maneno yalikuwa mazuri. Kama yalitoka kwenye uaminifu au kwenye zile ngazi kumi na tatu, hakujua, na hakujiuliza mara mbili.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Ukumbi ulifurika mpaka watu wakakaa juu ya meza za kuchezea mpira wa meza. Wekundu kushoto, bluu kulia, kama harusi ya koo zisizopendana. Mwenyekiti alikuwa mkulima mzee Bwana Yarrow, aliyetaka jambo moja tu duniani, kurudi kwa kondoo wake. Aliwapa watu dakika tatu kila mmoja.

"Tunataka kuzeeka hapa tulipozaliwa!" alisema mama mmoja wa bluu. "Au mnataka tukafie mjini, tuzikwe na watu tusiowajua?"

"Zeekeni, nani kawakataza?" akajibiwa kutoka kushoto. "Zeekeni penye nyumba zilizopo!"

"Zilizopo mmeuziana nyinyi watu wa London wa mwisho wa wiki!"

"Mimi nimekuja hapa mwaka wa themanini na moja!"

"Ndiyo hivyo, mgeni!"

Kicheko kikazunguka ukumbi. Hapo akasimama wakili wa kampuni, kijana wa watu, suti ya bluu, viatu vya ncha. Alikuwa na fomu mkononi.

"Nimezisoma kwa furaha," alisema. "Ila kuna shahidi mmoja ningependa kumsikia. Watu kumi na mmoja wanasema yuko pale kila asubuhi, kuliko mtu yeyote. Bi Avis Thurgood. Bi Thurgood yupo?"

Noreen alikuwa amehudhuria mikutano ya ukumbi ule miaka ishirini na miwili na hakuwahi kuusikia kimya. Watu mia mbili waliangalia viatu vyao. Wekundu kwa bluu. Wakili alitabasamu, akadhani ni mzaha wa kijijini, akageukia meza ya mbele.

"Bibi karani, una daftari la wapiga kura. Jina hilo limo?"

Noreen alisimama. Aliona Rosalind amefumba macho. Rosalind naye, aliyekataa kuzisoma zile fomu. Kumbe na yeye hupita pale asubuhi.

"Kabla sijajibu," Noreen alisema, "natangaza kwamba nina maslahi. Mimi na mume wangu tumo kwenye orodha ya vijumba. Ni wa nne. Nilipaswa kusema mwezi wa tisa na sikusema."

Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye ngano. Kesho yake ungekuwa umefika vijiji vitatu.

"Na Avis Thurgood alifariki miaka sita iliyopita, tarehe kumi na moja Februari."

"Amefariki," wakili alirudia, akaitazama ile karatasi kana kwamba imempa baridi vidoleni. "Kwa hiyo watu kumi na mmoja wamesema uongo."

"Hapana!" Colin alikuwa ameshasimama, mkubwa kama mlango. "Hakuna aliyesema uongo hapa, bwana."

"Swali liliuliza mmewaona nani," Noreen alisema polepole. "Halikuuliza kama yu hai."

Hakuna aliyecheka. Hilo, zaidi ya jambo lolote, ndilo lililomfanya wakili aketi. Bwana Yarrow alijikohoza, akasema kwamba yeye binafsi hana la kusema kuhusu Bi Thurgood, alikuwa mwanamke mstaarabu na bado ni mstaarabu, lakini baraza haliwezi kupokea ushahidi wa namna ile. Fomu zikawekwa kando. Kura zikapigwa, nne kwa tatu. Baraza likaunga mkono ujenzi. Noreen alivuliwa ukarani kwa barua ya adabu sana iliyomshukuru mara nne.

Rosalind hakumsemesha mpaka nje, akifunga kitambaa cha kichwa. "Nitamwambia Avis nini kesho?" alisema tu. "Eti Noreen kakuuza?" Akaenda zake.

Wilaya ilitoa kibali Desemba, kwa sababu ya uhaba wa nyumba za wazee. Daktari akakubali Len asubiri, kitanda kikateremshwa sebuleni na ndoo ya choo ikafunikwa kwa kitambaa. Mashine zilikuwa zije Machi. Kampuni ikawapa wanne wa kwanza ramani wachague. Noreen alichagua namba kumi na mbili, ya mwisho kabisa, kule kwenye miti, mbali na lango.

Wiki iliyofuata Colin alimletea kabichi. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini akizungusha kofia.

"Nini tena?"

"Hakuuliza," Colin alisema. "Siku tatu sasa. Anasema kuna ukungu, basi. Mwenye duka la nyama naye hajaulizwa. Leo nikaona vibaya, nikamwambia mwenyewe, 'Noreen yuko njiani.' Akaniangalia. Akasema, 'Najua. Anahamia kwangu.'"

Noreen alishika mlango. Kutoka sebuleni Len alikuwa akiuliza ni nani, na baridi inaingia.

"Alisema kwa hasira, au kwa furaha?"

Colin alifikiri kwa muda mrefu, maana alikuwa mtu mwaminifu.

"Kwa adabu," alisema.

Noreen alichukua kabichi, akamshukuru, akafunga mlango. Alimpelekea Len chai, akamweka sawa mto mgongoni, akamwangalia akinywa, mkono wa kulia ukiusaidia wa kushoto. Halafu akaenda kwenye simu ya korido akapiga ofisi ya kampuni. Akapokea binti mchangamfu.

"Ni kuhusu namba kumi na mbili, mwanangu. Nataka kubadilisha. Nipe namba moja."

"Namba moja, mama? Lakini kumi na mbili ndiyo kila mtu anaitaka, imetulia! Hiyo ya kwanza iko pale pale penye lango, kila apitaye ataona ndani."

"Najua ilipo."

"Sawa, naandika." Kalamu ilisikika ikikwaruza. "Nyinyi mnapenda wageni, eeh?"

"Ni mmoja tu," Noreen alisema. "Na amesimama sana. Sitaki apite milango kumi na mmoja kunitafuta."